Sakafu ya Karani

Karani aliimwaga sakafu ile kwa mikono yake, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile akatoka bila kuambiwa. "Gonga hapo," angesema, akipiga kisigino chini. "Gonga usikie. Hilo ni zege, si mchezo." Mgeni angegonga, angesikia kile kinachosikika mtu anapogonga sakafu, angetoa hongera. Kisha wangerudi sebuleni kunywa chai, na mkewe Karani, aliyekuwa mshonaji, angeendelea kukanyaga cherehani yake barazani huku amekunja mdomo.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, hatua mbili kwa tatu, ubavuni mwa chumba cha wageni. Kilikusudiwa kuwa choo cha ndani. Pembeni, kisiki cha bomba la inchi nne kilichungulia kutoka kwenye zege, kimefunikwa kopo la rangi. Miaka miwili choo hakikuja. Waliweka humo mifagio, viatu vilivyochoka na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na haja wakaendelea kuzimalizia kule uani, kwenye choo cha kuchuchumaa.

Mambo yalibadilika mama yake Karani alipoanguka akavunjika nyonga. Jirani zao walimwita Bi Mkubwa, nasi tumwite hivyo. Alikuwa akiishi kwa binti yake. Hospitali wakamtia chuma, wakamruhusu na magongo mawili na maneno ya daktari: asichuchumae kwa miezi mitatu, ale ashibe, anywe maji mengi, dawa zisimezwe kwenye tumbo tupu, la sivyo ule mfupa hautashika. Kwa binti yake choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Ndipo Karani akanyoosha kifua mbele ya ndugu wote. "Mama atakuja kwangu. Mimi nina sakafu inayobeba choo cha kukaa. Nani mwingine anayo?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Mshonaji alisikia habari hiyo pini zikiwa mdomoni, hivyo hakujibu kitu.

Kati yake na mama mkwe kulikuwa na neno. Siku ya harusi Bi Mkubwa alimletea kitambaa cha meza alichokifuma kwa mkono miezi minane, cheupe, chenye maua ya buluu. Miaka miwili iliyopita Bi Mkubwa alikuja kuwatembelea, akalala siku tatu, akaondoka asubuhi. Jioni ile kitambaa hakikuonekana kambani kilikoanikwa. Mshonaji alitafuta mpaka chini ya vitanda. Alipomuuliza mumewe, alijibiwa kwa swali: "Mama si ndiye aliyeondoka asubuhi?" Basi. Swali hilo moja lilitosha. Mshonaji aliwasimulia wateja jinsi mkwe wake alivyompa zawadi kwa mkono wa kulia akaichukua kwa wa kushoto, na wateja wakasema lisemwalo lipo. Maneno yana miguu; yalimfikia mwenyewe. Bi Mkubwa hakujibu wala hakugomba, ila tangu siku ile hakukanyaga tena kwa mwanawe.

Sasa alikuwa akirudi, kwa magongo.

*

Fundi wa mabomba aliitwa Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu duniani. Alikuja na choo kwenye mkokoteni, kimefungwa magunia kisipate nyufa. Alikiweka juu ya kisiki cha bomba, akatia alama za penseli kwenye matundu ya skrubu, akakiondoa, akawasha drili. Zege likagoma. Ncha ya kwanza ikawaka nyekundu ikawa butu.

"Bosi, humu uliweka nini, nondo tupu?"

Karani alikuwa amechuchumaa kando yake, vumbi limemjaa kope, anatabasamu kama aliyesifiwa mtoto. "Nilikuambia. Hilo ni zege."

Ncha ya tatu ndiyo iliyotoboa. Sawasawa akafuta vumbi, akasukumia vishikizo vya plastiki matunduni, halafu akasimama na kunyoosha mgongo. "Kabla sijakikalisha, niletee ndoo mbili za maji. Nimwage humu kwenye bomba nione yanavyoondoka."

"Ya nini?"

"Ni utaratibu tu. Bomba limekaa muda."

"Bomba nililaza mimi. Unanipima mimi?"

"Simpimi mtu, bosi. Napima bomba."

"Mama anafika saa tisa," alisema Karani. "Kalisha choo."

Sawasawa aliijua kazi yake. Alijua kwamba ndoo mbili za maji hazimalizi hata robo saa. Lakini alikuwa na kazi nyingine ikimngoja mtaa wa pili, na mwenye nyumba ndiye huyo amesema. "Sawasawa," akajibu, na mimi nasema neno hilo limeharibu nyumba nyingi kuliko mvua. Akakoroga sementi nyeupe, akaizungushia chini ya choo, akakikalisha, akaweka pima maji juu ya ukingo mpaka kipovu kikatulia katikati, akakaza skrubu, akaunga tangi. Kilikaa vizuri, hilo hatutamnyima.

Wakavuta maji kujaribu. Maji yalipanda karibu na ukingo, yakasimama kama yanayofikiri, kisha yakashuka polepole.

"Hewa hiyo," alisema Sawasawa, akikusanya vyombo vyake. "Bomba jipya lazima lipumue kwanza."

*

Bi Mkubwa alifika saa tisa na nusu. Alionyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa kitanda. Karani akamgongea sakafu kwa kisigino, akamkalisha juu ya kifuniko kujaribu, akapiga makofi. "Kiti cha enzi, mama!" Mama alicheka, mkono mmoja umeshika ukuta. Alikuwa mwanamke mpana, wa kicheko cha tumboni, na hata Mshonaji alijikuta amecheka naye kabla hajakumbuka kwamba wana neno.

Jioni, kwa kuwa nguo zote za mgonjwa zilikuwa za kubana na bandeji haitaki kubanwa, Mshonaji alileta futi kumpima gauni. Alimzungushia bila kumtazama usoni. Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane. Akaandika kwenye daftari lake kama anavyoandika ya mteja yeyote.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Mkubwa.

"Haya, mama." Na akaondoka na futi lake.

Asubuhi ya pili choo kilirudisha. Bi Mkubwa alivuta maji, nayo yakapanda, yakapanda pamoja na alichokiacha. Yakafika ukingoni, yakasita, yakavuka. Yalimwagika juu ya lile zege mashuhuri, yakatambaa mpaka kwenye ndara zake na kumpita kati ya vidole. Hawezi kuinama, hawezi kuruka, akiinua gongo atateleza. Alisimama ndani ya uchafu wake mwenyewe na kusoma ukuta kwa muda mrefu. Kisha aliita, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba radhi.

Mshonaji alikuja na taulo puani. Alisafisha, lazima tumpe haki yake: alipiga deki mara nne, alimwosha mkwe wake miguu mpaka magotini. Lakini kila aliponyanyua tambara alisema neno. "Mama, umetupa nini humu?"

"Sijatupa kitu, mwanangu."

"Choo kipya hakizibi chenyewe."

"Nimekwenda haja tu. Kama watu."

"Basi watu wengine wanakwendaje?" Alisema hivyo akiwa anakamua tambara, na Bi Mkubwa akatazama dirishani.

Karani aliporudi kazini alileta suluhisho la kikarani. Aliandika tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika mlangoni: MTUMIAJI ANAOMBWA KUTOTUPA KITU CHOCHOTE. MTUMIAJI AHAKIKISHE AMEMWAGA NDOO NZIMA. Mtumiaji wa choo kile alikuwa mmoja tu. Alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, magongo yakiwa makwapani, kisha akauliza: "Na ndoo nitaibeba kwa mkono upi, baba?"

*

Siku ya tatu Karani alichukua mpira wa kuzibulia na kujifungia humo ndani. Alisukuma na kuvuta hadi shati likamganda mgongoni. Maji yalinguruma, yakatapika povu la kijivu, na katika povu hilo ukatokea uzi.

Ulikuwa uzi mmoja, wa buluu. Aliushika kwa ncha za vidole akauvuta. Ukaja, ukaja, urefu wa mkono, ukakatika.

Akakaa chini kwenye zege lake lililolowa.

Ile siku ya kumwaga zege ilimrudia yote. Mchanganyiko umeshakorogwa, jua kali, vijana wa kazi wanapiga kelele kwamba litaganda, na tundu la bomba li wazi, linasubiri kumezeshwa kokoto. Fundi yeyote huziba tundu kwa karatasi ya sementi au tambara, akimaliza analitoa. Karani alitupa mkono kambani akavuta kilichokuwa karibu, akakishindilia bombani kwa mpini wa koleo, mpaka kwenye kona ya chini. Alikusudia kukitoa jioni, akifue, akianike, asijue mtu. Jioni alikivuta kikakataa. Kilikuwa kimeshanywa maji ya sementi, kikaganda. Mkewe alikuwa uani anauliza kitambaa kiko wapi. Ndipo akasema lile la mama kuondoka asubuhi. Kesho yake akafunika bomba kwa kopo la rangi. Tangu hapo alisahau, kama watu wanavyosahau jambo ambalo kulisahau kuna faida. Siku Sawasawa anaomba ndoo mbili nataka kuamini kwamba alikuwa amesahau kweli. Nataka, ingawa sina hakika.

Siku ya tatu hakuwa na pa kujificha. Alikuwa na uzi mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kusema maneno matano. Aliviringisha uzi kidoleni, akautia mfukoni, akafungua mlango.

"Umeona nini?" aliuliza mkewe.

"Karatasi," alisema Karani. "Makaratasi matupu. Mama, jamani, punguza karatasi."

*

Baada ya hapo walimpa ndoo. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ikawekwa chini ya kiti kilichotobolewa kwa msumeno. Mshonaji ndiye aliyeitoa asubuhi na jioni, mkono mmoja umenyooshwa mbali na mwili, uso umegeuzwa pembeni, akipita nayo sebuleni, barazani, mbele ya wateja, mpaka uani. Hakukuwa na njia nyingine. Nyumba ilijengwa hivyo. Kila alipopita, Bi Mkubwa kule chumbani alisikia mazungumzo ya barazani yakikatika, na baada ya kupita yakianza tena kwa sauti ndogo.

Choo nacho hakikunyamaza. Maji yaliyolala bombani yalioza. Harufu ilitoka chini ya mlango ikaingia kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye vitambaa vya watu. Shangazi mmoja wa bibi harusi alikuja kujaribu gauni lake, akalinusa kwapani, akalinusa begani, akalikunja.

"Nitalimalizia kwingine, mama. Usinielewe vibaya."

"Limebaki pindo tu!"

"Hilo pindo ndilo nitalimalizia kwingine." Alisema akitazama upande wa chumba cha mgonjwa, na akaongeza kwa upole ule unaouma kuliko tusi: "Pole kwa kuuguza. Wazee ni mtihani."

Mshonaji aliingia ndani akapiga mlango. Alilia, na alipomaliza kulia alimwambia mumewe amwite fundi. Karani akasema fundi wa nini, atanunua dawa ya kuzibulia. Akanunua. Dawa ilichemka, ikatoa moshi wa kuchoma macho, ikaacha choo kama kilivyokuwa. Mkewe akasema tena, fundi. Karani akasema Sawasawa atataka kuvunja zege, na zege lile halivunjwi na mtu akiwa yeye hai. "Afadhali mama apumzike kwa dada."

"Kwa dada anachuchumaa. Daktari amesemaje?"

"Madaktari wanasema mengi."

Alikwenda kumwambia mama mwenyewe, amesimama mlangoni, akiuchezea ufunguo. "Mama, nilikuwa nafikiri. Labda kwa dada ungepata hewa."

Bi Mkubwa alimtazama. Alikuwa amekaa kitandani, magongo yamelala pembeni yake. "Nimewachafulia nyumba," alisema.

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya pili, pana kuliko ya kwanza. Karani alisema, "Si hivyo, mama, lakini unajua."

*

Kuku wa jirani ndio walioanza kutoa siri. Mshonaji aliwaona wamekusanyika chini ya dirisha la chumba cha wageni, saa ya chakula cha mchana, wamenyoosha shingo kama wanangoja basi. Alidhani ni wadudu, akawafukuza. Saa ya chakula cha jioni wakarudi wenyewe.

Siku ya tisa gauni lilikuwa tayari. Aliingia nalo kumvisha mkwe wake. Lilimpita mabegani, likamshuka, likaning'inia. Mshonaji alishika kiunoni, akakusanya kitambaa kilichozidi, kikajaa kiganja. Hakuwahi kukosea kipimo tangu aanze kushona. Alitoa futi shingoni akamzungushia.

Thelathini na tano.

Akapima tena. Akalegeza, akashusha kidogo, akapima mara ya tatu. Futi halina mama mkwe wala mkaza mwana, lilisema lilelile. Akafungua daftari, akatazama thelathini na nane kwa mwandiko wake mwenyewe. Kisha akatazama dirisha, na chini yake, kwenye mbao, akaona punje za wali zilizokauka.

"Mama. Chakula unampa nani?"

Bi Mkubwa akalainisha gauni kiunoni.

"Mama, ninakuuliza. Siku zote unaniambia umeshiba."

"Mtu asipokula haendi haja," alisema Bi Mkubwa. "Nilipiga hesabu. Nikila mara moja kwa siku mbili, na maji funda moja la dawa, unabeba ndoo mara chache." Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza namna ya kuokoa sabuni. "Wewe una wateja, mwanangu. Kupita na kinyesi changu mbele ya wateja si jambo jema. Mimi ningekuwa wewe ningetapika."

Na Mshonaji alikuwa ametapika kweli, mara mbili, uani. Hakujua kwamba sauti ilifika dirishani. Alijaribu kumkalisha mkwe wake kitandani, naye alipogeuka akayumba. Akamwangukia Mshonaji mikononi, mwepesi kwa namna iliyomtisha. Alimlaza, akamnywesha maji kwa kijiko, akatoka mpaka barazani, akachukua simu. Hakumuuliza mumewe.

"Sawasawa," alisema. "Kesho asubuhi njoo na nyundo."

*

Ilikuwa Jumamosi, na Karani alikuwa nyumbani. Alisimama mlangoni mwa choo, mikono imeshika miimo miwili. "Hakuna atakayevunja hapa."

"Toka," alisema mkewe.

"Zege hili nimemwaga—"

"Mama yako hali! Unasikia? Mama yako anawapa kuku chakula asijisaidie nyumbani kwako. Toka mlangoni kabla sijaishika hiyo nyundo mimi."

Akatoka. Bi Mkubwa alikuwa amejikokota mpaka kwenye kiti cha chumba cha wageni, ndani ya gauni lake pana, ili aone. Hakuna aliyeweza kumzuia. Alisema kama kuna kitu alichokitupa, basi kitolewe mbele yake.

Sawasawa alifungua skrubu, akachokoa sementi nyeupe, akanyanyua choo na kukilaza ukumbini. Harufu iliyotoka kwenye tundu iliwarudisha wote hatua moja nyuma. Yeye mwenyewe alikohoa, akafunga kitambaa puani, akaingiza waya. Ukazama kidogo, ukagota kitu.

"Kipo karibu. Kwenye kona." Akashika tindo na nyundo.

Kila pigo Karani alifumba macho. Vipande vya zege viliruka, vikagonga ukuta. Ilichukua saa nzima kufikia kona ya bomba. Sawasawa akalikata kwa msumeno, akachomeka ndoano, akakanyaga ukuta kwa mguu, akavuta.

Kilitoka kwa sauti ya kunyonya. Kilikuwa cheusi, kinene, kinadondosha ute, kimeshikana na siku kumi za kila kitu. Alikitupa sakafuni, akakimwagia maji. Weusi ukakimbia, na chini yake ikaonekana buluu.

Mshonaji alikitambua kabla maji hayajaisha kutiririka. Aliinama, taulo la puani limemwanguka, akatazama ua la katikati. Lilikuwa na majani saba, ilhali mengine yote yalikuwa na manane. Siku ya harusi Bi Mkubwa mwenyewe alimwonyesha kosa lile wakacheka.

"Ni changu hicho," alisema Bi Mkubwa kutoka kitini. "Nilikifuma mimi."

Na hapo Mshonaji akageuka, uso umemwiva. Huruma ya jana yote ilimtoka. "Kumbe ulikuwa nacho! Miaka miwili ulikuwa nacho, ukaja nacho, ukakitumbukiza chooni kwangu! Nimebeba ndoo yako, mama! Nimekuosha miguu!"

Hakuna aliyemtetea Bi Mkubwa. Karani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mama yake. Alikuwa na muda wa kumeza mate mara tatu, na akameza mara tatu. Hiyo ilikuwa nafasi ya tatu, na naona kichefuchefu kuisimulia, maana hakusema kitu. Alitazama sakafu yake.

Aliyesema ni fundi. Alikuwa amekichukua tena kile kitambaa, anakiminya pembe moja kwa vidole, amekunja kipaji. Akakigonga kwenye nyundo. Kikalia ko, ko.

"Mama mshonaji, hebu shika hapa."

"Sishiki!"

"Shika. Hii ni sementi. Imeingia kwenye nyuzi, imeganda, ina alama ya bomba kwa nje. Hiki hakikupita kwenye choo. Kilikuwa humu kabla choo hakijanunuliwa. Ningemwaga zile ndoo mbili siku ile, ningejua." Alimtazama Karani, na kwa mara ya kwanza neno lake la siku zote lilimkataa. "Hiki kilizibia bomba wakati wa kumwaga zege, bosi. Na zege ulisema alilimwaga nani?"

Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye kitambaa. Mshonaji alimtazama mumewe, kisha akatazama kamba ya nguo kule uani, kisha akakaa chini palepale kwenye vifusi.

"Baba," aliita Bi Mkubwa. "Njoo hapa."

Karani akaja.

"Ulijua lini?"

"Nilisahau, mama. Naapa. Kazi zilikuwa nyingi, jua—"

"Sikukuuliza ulisahau lini. Nimekuuliza ulijua lini."

Alitia mkono mfukoni bila kukusudia, kwenye suruali ileile ya siku ile, na vidole vikakutana na uzi.

"Siku ya tatu," alisema.

Bi Mkubwa akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka kidole cha saba. Hakupiga kelele. Mshonaji alikuwa amemfikia kwa magoti, ameshika pindo la lile gauni, anajaribu kusema. "Mama, mimi... kwa watu wote, mama, nilisema..."

"Najua ulisema nini. Nilisikia." Akamwekea mkono kichwani, akauondoa. "Utanieleza baadaye. Kwanza nipakulie. Samahani haijazi tumbo, na mimi nina njaa ya siku saba."

Mshonaji akainuka mbio kwenda jikoni.

"Wewe fundi," alisema Bi Mkubwa, "safari hii mwaga ndoo mbili."

"Nitamwaga nne, mama."

"Na wewe, baba, leta karai na sabuni. Kifue."

Karani alitazama lile bonge sakafuni. "Mama, hiki ni cha kutupa tu. Nitakununulia kingine."

"Miezi minane inauzwa duka gani?"

Sawasawa akamnyooshea glavu zake. Bi Mkubwa akatikisa kichwa, na fundi akazirudisha mfukoni.

Karani alipiga magoti kwenye karai, juu ya zege lililobaki. Alikitumbukiza, akakunja uso, akatapika pembeni, akajifuta kwa bega, akaendelea. Kila alipokikamua kilitoa maji ya rangi nyingine. Sementi ilimchuna vidole. Mshonaji alileta sahani, wali umejaa na mchuzi juu, akaiweka mapajani mwa mkwe wake, naye Bi Mkubwa akaanza kula hapohapo, mbele ya tundu na harufu yake, tonge kwa tonge, bila haraka.

"Kimetakata?" aliuliza katikati ya chakula.

"Bado, mama."

"Fua."

Alimaliza sahani, akaifuta kwa kidole, akamnyooshea mkaza mwana wake amwongezee.